Mgeni wa Sangara na Fungu la Mwenyeji

Ziwa Victoria lina samaki mmoja anayetafutwa na watu wa namna mbili. Wa kwanza ni mvuvi wa mwaloni, anayemtafuta sangara ili ampime kwa kilo, amuuze na kuilisha nyumba yake. Wa pili ni mgeni kutoka ng'ambo, anayesafiri maelfu ya maili akiwa na fimbo na mshipi, wala hasukumwi na njaa au biashara. Yeye anataka kushindana nguvu na samaki aliye mkubwa kumpita yeye mwenyewe, apigwe naye picha, kisha arudi kwao akasimulie. Mvuvi hupanga safari yake jioni kwa ajili ya usiku ule ule. Mgeni hupanga yake mwaka mzima kabla.

Hatuoni ubaya wa mgeni huyo. Ziwa ni kubwa, na anayekuja kwa heshima apokewe kwa heshima. Tunaloliona ni kwamba yeye amejiandaa, sisi hatujajiandaa. Safari yake imekwisha kupangwa mpaka jambo dogo kabisa, lakini siku anapokanyaga kisiwani, mara nyingi hakuna aliyekwisha kuamua nani atakuwa nahodha wake na kwa malipo gani, samaki atakayenaswa atafanywaje, na kijiji kitabaki na nini. Kwa hiyo safu hii leo yataka kusema wazi: safari za kuvua sangara mkubwa zipangwe na wenyeji pia, tena kwa maandishi, wakati wageni bado ni wachache. Samaki hukunjwa angali mbichi.

Yafaa kwanza tukumbushane sangara ni nani. Yeye si mzaliwa wa ziwa hili. Kwao ni Mto Naili, Ziwa Albert, Ziwa Turkana na mito mikubwa ya Afrika Magharibi. Aliletwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 kwa upande wa Uganda, wakati wa utawala wa kikoloni, akaongezwa tena mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa muda alikuwa kama hayupo. Ilipofika miaka ya 1980 alifurika ziwa zima. Furu, ambao walikuwa wa aina mamia, waliliwa wakapungua, na aina nyingi hazikuonekana tena. Wataalamu wangali wanabishana ni kiasi gani cha lawama kimwangukie sangara, na kiasi gani kiyaangukie maji yaliyochafuliwa na shughuli za binadamu. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba samaki huyo aliyageuza maisha ya visiwani. Viwanda vya minofu vilijengwa Mwanza, Musoma, Kisumu na Jinja, kambi za wavuvi zikageuka kuwa miji midogo, na jina lake likajulikana katika masoko ya Ulaya.

Sangara aweza kufikia urefu wa karibu mita mbili na uzito wa kilo 200. Huyu ndiye anayemkosesha mgeni usingizi. Rekodi ya kimataifa ya kumvua kwa fimbo na mshipi iliandikwa mwaka 2000 huko Ziwa Nasser, nchini Misri, kwa samaki wa kilo 104. Tangu hapo kila anayeshika fimbo huota kuipita. Baadhi yao huelekea Misri, na wengine huenda Uganda chini ya maporomoko ya Murchison, ambako sangara ni mwenyeji wa asili. Upande wa Kenya, visiwa vya Rusinga na Mfangano viliwahi kupokea wageni walioletwa kwa ndege ndogo kutoka Maasai Mara, wakaja kuvua mbuta, kama wanavyomwita huko, na kurudi mbugani. Kwetu Tanzania, macho yote huelekezwa Rubondo.

Rubondo ni kisiwa kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Maji yanayokizunguka ni sehemu ya hifadhi, nyavu haziruhusiwi humo, na ghuba zake ni mazalia ya samaki. Ndiyo sababu sangara wakubwa wangali wanapatikana hapo, na ndiyo sababu uvuvi wa fimbo na mshipi umeruhusiwa kwa wageni. Lakini yafaa isisahauliwe kwamba wavuvi na wakulima waliokuwa wakiishi kisiwani humo walihamishwa katika miaka ya 1960, wakapelekwa visiwa vya jirani na nchi kavu, ili kisiwa kiwe cha wanyama. Utulivu anaoufurahia mgeni leo uligharimiwa na watu, na wajukuu wa watu hao wapo katika vijiji vinavyoitazama hifadhi kutoka ng'ambo ya maji.

Na njia ya kufika huko inazidi kuwa nyepesi. Tangu daraja la Kigongo na Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, msafiri anayetoka Mwanza kwenda Sengerema na Geita hangoji tena kivuko. Akifika Nkome au Muganza anabakiza safari ya boti tu. Barabara ikifunguka, wageni huongezeka. Swali ni kama watatukuta tumelala.

Tuna sababu ya kuliuliza swali hilo, kwa maana ziwa hili limekwisha kutufundisha. Biashara ya minofu iliposhamiri katika miaka ya 1990, mnofu ulipanda ndege, na yaliyobaki, yaani kichwa na mifupa, yakapewa jina la mapanki, yakakaangwa na kuliwa na watu wa kipato cha chini pembezoni mwa ziwa lile lile alimovuliwa samaki. Hatusemi viwanda havikuleta faida. Vilileta ajira, vikaliingizia Taifa fedha za kigeni, na vingali na nafasi yake. Tunachosema ni kwamba mpango wa biashara ile uliandikwa mahali pengine, na mwenyeji alipewa sehemu iliyosalia baada ya wengine wote kukata zao. Uvuvi wa kitalii usije ukawa mapanki ya pili: mgeni aondoke na picha, wakala wa mjini abaki na fedha, na kisiwa kibaki na mawimbi ya boti iliyopita.

Tukitaka yasitokee hayo, yapo mambo matatu ambayo hayana budi kupangwa.

La kwanza ni samaki mwenyewe. Sangara wakubwa kabisa aghalabu ni majike, na jike mmoja mkubwa hubeba mayai kwa mamilioni. Kumuua mmoja kwa ajili ya picha ni kuteketeza ghala la mbegu. Tena samaki huyo ana hatari nyingine iliyomo tumboni mwake, nayo ni bondo, kile kifuko cha hewa ambacho huuzwa China na Hong Kong kwa bei inayoupita mnofu. Kadiri sangara anavyokuwa mkubwa ndivyo bondo lake linavyopanda thamani. Kwa hiyo samaki yule yule anayefaa kuachwa azae ndiye anayewindwa kuliko wote, na pasipo masharti yaliyo wazi, "uvuvi wa kitalii" waweza kuwa kichaka cha kufichia biashara ya mabondo.

Basi masharti yawe mepesi kueleweka. Sangara aliyezidi sentimita 85 apimwe, apigwe picha akiwa ndani ya maji au akirejeshwa majini upesi, kisha aachiwe. Ndoana isagwe ule mwiba wake wa nyuma ili itoke bila kumchana. Tena avuliwe katika maji yasiyo na kina kirefu, kandokando ya miamba. Sababu yake wavuvi wetu wanaijua vizuri kuliko kitabu: sangara akivutwa kwa ghafula kutoka kilindini, hewa iliyomo katika bondo hutanuka, tumbo likavimba, naye hata akiachiwa huelea juu hadi afe. Kumwachia samaki wa namna hiyo ni kujidanganya. Anayetaka kuachia samaki akiwa hai hana budi kuchagua mahali pa kumvulia kabla hajatupa chambo, na anayejua mahali hapo ni mvuvi wa kisiwani.

Twajua msomaji wa visiwani atauliza: mtu mwenye njaa aambiweje kwamba samaki wa kilo 60 amerudishwa majini? Swali hilo ni la haki, nalo halijibiwi kwa hotuba. Jibu letu ni kwamba samaki anayerudishwa lazima alipiwe. Ada ya kumvua iwe imekwisha kukatwa, na fungu la kijiji liwemo ndani yake, ili samaki huyo aliye hai alete faida zaidi ya mara moja. Na sangara aliyejeruhiwa asiweze kupona, au aliye wa kiasi kinachoruhusiwa, asitupwe wala asichukuliwe na wakala, bali akabidhiwe mwaloni mbele ya watu.

Vile vile sheria iwe moja. Mvuvi wetu amekatazwa kuvua sangara asiyefika sentimita 50, na amekatazwa kokoro na nyavu za macho madogo. Katika mwaka 2018, wakati wa ile iliyoitwa Operesheni Sangara, nyavu nyingi haramu zilichomwa moto, na wapo waliofilisika. Hatutetei kokoro, maana linaua kesho yetu. Lakini haiwezekani mwenyeji achomewe wavu, halafu mgeni asamehewe samaki kwa sababu ameshika fimbo ya bei kubwa. Mlizani ulio mmoja ndio unaowafanya watu waiheshimu sheria.

Jambo la pili ni usalama majini. Ziwa Victoria lina ukubwa wa kilometa za mraba 68,800 hivi, nalo halina tabia ya bwawa. Kuanzia Juni hadi Agosti upepo wa kusini-mashariki huvuma kwa nguvu. Dhoruba za radi aghalabu hujengeka usiku na kushuka kabla ya mapambazuko, wakati ambapo mgeni, kwa kuwa ameambiwa kwamba sangara hula alfajiri, anahimiza boti itoke. Hapa ndipo nahodha anapopaswa kuwa na mamlaka ya kusema hapana bila kuogopa kukosa ujira wake.

Visiwa vyetu havihitaji kuhubiriwa juu ya msiba wa majini. Tarehe 21 Mei, 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, ikaangamiza mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba, 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichotoka Bugolora katika Ukerewe, kilipinduka kikiwa kimekaribia gati la Bwisya, Ukara. Kilikuwa kimepakia watu wengi kupita uwezo wake, na zaidi ya 220 walikufa. Hao walikuwa katika vyombo vya abiria vilivyosajiliwa. Itakuwaje kwa mtumbwi uliokodishwa asubuhi, wenye injini moja, usio na jaketi la kujiokolea hata moja, na ambao hakuna aliyeandika umeelekea wapi?

Kwa hiyo kila boti inayochukua mgeni wa kuvua ikaguliwe na kuandikwa. Majaketi ya kujiokolea yawe kwa kila aliyemo, na hapa tunasisitiza: si kwa mgeni peke yake, bali na kwa nahodha na kijana wa kushika chambo. Mafuta yawe ya kwenda, kurudi na akiba. Mwaloni iachwe karatasi yenye majina ya waliomo, upande walikoelekea na saa ya kurudi, ili wakichelewa wenzao wajue pa kuanzia kutafuta. Na mgeni aelezwe tangu kwao kwamba ufukwe wa ziwa una kichocho na mamba, asije akajitosa majini kumshika samaki kama alivyoona katika picha za nchi nyingine. Mambo haya hayahitaji fedha nyingi. Yanahitaji mtu aliyepewa jukumu na anayeulizwa asipolitimiza.

Jambo la tatu ni mapato. Wahenga walisema mgeni aje ili mwenyeji apone. Hawakusema mgeni aje, mwenyeji atazame. Ada inayolipwa hifadhini ni mali ya Taifa zima, nasi hatuna ugomvi nayo. Lakini wageni hawatakaa Rubondo tu. Watataka kufika Maisome, Kome, Ukerewe na Ukara, na huko hakuna lango wala karani. Bei hutajwa kwa kumtazama mgeni usoni. Mmoja hulipishwa mara tano ya stahili yake, akaondoka akinung'unika asirudi. Mwingine humpunja nahodha asiyejua thamani ya kazi yake. Wote wawili wameharibu biashara.

Tunashauri halmashauri za wilaya za ziwani zikae na serikali za vijiji, pamoja na vile vikundi vya ulinzi wa rasilimali za uvuvi ambavyo wavuvi huviita BMU, ziandike bei inayojulikana ya kukodi boti, ya nahodha, ya msaidizi na ya kulala kijijini, na bei hiyo ibandikwe mwaloni. Sehemu iliyotajwa ya kila malipo iingie katika mfuko wa kijiji, na hesabu yake isomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ili kila mtu ajue fedha zilinunua madawati, dawa au jaketi la kujiokolea. Mali bila daftari hupotea bila habari, na fedha za wageni hupotea upesi kuliko nyingine, kwa kuwa mtoaji wake amekwisha kuondoka.

Kwa maofisa wa serikali tuna ombi mahsusi. Mgeni wa sangara aweza kuhitaji kuonana na watu wa uhamiaji, wa hifadhi, wa uvuvi, wa usalama wa vyombo majini na wa halmashauri, kila mmoja na karatasi yake na ofisi yake. Matokeo yake ni kwamba mwaminifu huchoka, na mjanja hupita njia ya panya. Taratibu hizo ziunganishwe, mgeni ajue kabla hajapanda ndege ni leseni gani anayotakiwa kuwa nayo, inapatikana wapi, na samaki gani haruhusiwi kumgusa. Aidha maeneo ya mazalia yatangazwe na yalindwe dhidi ya wote, mwenye kokoro na mwenye fimbo. Na vipimo vya kila samaki aliyeachiwa, urefu wake na mahali alipovuliwa, vipelekwe kwa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, iliyoanzishwa mwaka 1980 kwa kazi za namna hiyo. Watafiti wetu watapata habari za samaki wakubwa bila kutumia mafuta yao.

Kwa ndugu zetu wa visiwani nako tuna neno. Msingoje mpango ushuke kutoka Dodoma kama mvua. Kijiji kinachojua vijana wake gani ni manahodha hodari, boti zipi ni nzima, na nyumba zipi zafaa kulaza mgeni, kimekwisha kufanya nusu ya kazi. Msiuze siri ya mazalia kwa noti moja. Msimwogope mgeni, wala msimfanye kuwa ng'ombe wa kukamuliwa siku moja. Na kijana anayejua kusoma maji, anayetambua penye mwamba kwa rangi na penye samaki kwa ndege, ajue kwamba huo ni ujuzi, nao hulipwa ujira wa fundi, si bakshishi.

Wapo watakaosema kwamba tunapoteza wino kwa ajili ya wageni wachache wenye fedha, wakati maelfu ya wavuvi wanalalamikia bei ya petroli, wizi wa injini na kupungua kwa samaki. Twakubali kwamba uvuvi wa fimbo hautachukua nafasi ya uvuvi wa riziki, wala hautaponya matatizo ya ziwa. Anayeahidi hivyo anadanganya. Lakini udogo wake ndio unaotupa nafasi. Ni jambo dogo tunaloweza kulipanga vizuri tangu mwanzo, bila kusubiri mfadhili, na likitufaulu tutakuwa tumejionyesha wenyewe kwamba rasilimali ya ziwa yaweza kusimamiwa na wanaolala kando yake. Likitushinda hili, hatutakuwa na sauti katika makubwa.

Mgeni anapopanga safari yake hujiuliza maswali: lini, wapi, kwa chombo gani, kwa gharama gani. Visiwa vyetu navyo vijiulize yale yale, viyajibu katika mikutano ya vijiji na katika vikao vya halmashauri vya mwaka huu, na majibu yaandikwe. Sangara mkubwa bado yupo. Tumpangie kabla hajapangiwa na wengine.